Je, Mtoto Akitunga Kisa Amesema Uwongo?

Mama mmoja wa mtaa wetu alimtaka mwanawe, aliyeko darasa la 5, amsomee insha aliyoiandika skuli. Macho yake mama yamepungua nuru, na alikuwa amesikia kwamba mtoto amepata alama 34 katika 40; na furaha ya mzazi kwa khabari kama hiyo yajulikana. Mtoto akafungua daftari, akasoma. Kisa kilianza kwa jua kuchomoza na ndege kumsifu Mola wao, kisha baada ya mistari mitatu ikaja simu ya usiku wa manane (mchana umepitia wapi hatukuelezwa), kisha hospitali, kisha mama akakata roho mikononi mwa mwanawe, na machozi yakatiririka njia mbili mbili. Yote hayo yamesemwa kwa “mimi” na “mama yangu”. Mama alisikiliza hata mwisho. Kisha akauliza: “Mwanangu, nimekukosea nini hata ukanizika nami ni hai?” Mtoto akashangaa, akasema: “Si wewe, mama. Ndivyo tulivyopewa. Ni insha ya kukariri.”

Khabari hii ililetwa barazani kwetu baada ya darsa ya usiku wa Ijumaa na mjomba wa mtoto, ambaye ni mmoja wetu, naye alikuja na daftari lenyewe mkononi. Ndani yake mlikuwa na insha sita. Tulizisoma zote. Katika zote sita jua lilichomoza kwa maneno yale yale. Katika mbili msimulizi alizirai akazinduka akajikuta hospitalini, na katika moja mambo yote, pamoja na majambazi na bunduki zao, yalikuwa ndoto. Mwenye daftari hajapata kuzirai tangu azaliwe, alhamdulillahi, wala majambazi hajawaona.

Mzee mmoja katika sisi akasema maneno makali, nasi twayaeleza kama alivyoyasema, kwani hayakuwa maneno ya kupuuzwa. Alisema: “Mtoto akivunja kikombe akasema ni paka, twamtia adabu. Kisha asubuhi twamlipia karo akafunzwe kusema mama yake amekufa. Je, uwongo wa kikombe ni haramu na uwongo wa mauti ni masomo?” Akajibiwa na kijana wetu mwengine, ambaye ni mwalimu wa skuli: “Basi tufunge hadithi zote, na watoto wasome mabango ya maduka.” Usiku ule hatukuafikiana. Lakini tuliona kwamba suala si dogo, na kwamba lamhusu kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la 4, la 5 au la 6, kwani hiyo ndiyo miaka ambayo mtoto atoka katika kuzijua herufi akaingia katika kusema kwa kalamu. Na namna atakavyoanza kusema, pengine ndivyo atakavyosema umri wake wote.

Tuanze na uwongo wenyewe ni nini. Uwongo ni kumwambia mtu jambo ili alisadiki, ilhali wewe wajua kuwa silo. Si kila neno lisilotukia ni uwongo. Bibi zetu hawakusoma mantiki wala balagha, lakini suala hili walilimaliza kwa maneno mawili. Bibi alisema “Paukwa”, na watoto wakaitikia “Pakawa”. Hapo mapatano yamekwisha fungwa: msemaji ametangaza kwamba anatunga, na msikilizaji amekubali kutungiwa. Hakuna mtoto wa Lamu au wa Mombasa aliyeamka asubuhi akaenda kwa kadhi kumshitaki sungura.

Na wanazuoni nao walilijadili. Ibnul-Muqaffa, katika karne ya 8 ya miladi, alikihamisha kitabu cha Kalila na Dimna kutoka lugha ya Kifursi cha kale hadi Kiarabu, na humo simba na mbweha wanashauriana kama mawaziri. Al-Hariri wa Basra, aliyekufa mwaka 1122, alitunga makama 50 juu ya mtu mmoja mjanja aitwaye Abu Zayd wa Saruj, ambaye hula mali za watu kwa ufasaha wa ulimi wake. Al-Hariri alijua kwamba atalaumiwa, na katika dibaji yake alijitetea mapema kwa kuzitaja hadithi za wanyama wasiosema: nani katika wanazuoni aliyezikataza? Kitabu chake kikaja kuwa kitabu cha kufunzia lugha katika miji mingi ya Kiislamu. Na Ibn Tufail wa Andalusi, aliyekufa mwaka 1185, alipotaka kubainisha akili ya binadamu yaweza kufika wapi, alimtunga mtoto aliyelelewa na paa kisiwani pasipo watu. Watu hawa hawakuwa waongo, wala wasomaji wao hawakudanganyika.

Tulipomweleza mzee wetu haya, alinyamaza kidogo kisha akasema: “Yote nakubali. Lakini mama yule hakuitikia Pakawa.”

Nasi twaona kwamba hapo aligusa jambo lenyewe. Mtoto hakumwambia mama kuwa anatunga kisa, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kuwa anatunga kisa. Alijua kwamba anajaza mtihani. Hakumfikiria mama yeyote, wa kweli wala wa kubuni; hakufikiria hospitali yoyote, harufu yake wala viti vyake. Yalikuwa ni maneno yamepangwa kama matofali, na aliyeyapanga hakuwamo. Kama pana uwongo katika daftari lile, basi si kule kufa kwa mama. Uwongo ni yale machozi ya njia mbili mbili, ambayo hayakumtoka mtu yeyote.

Jambo hili limetoka wapi? Wasomaji wetu wengi wameupitia mtihani wa KCPE, uliofanywa nchini tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2023. Insha ya Kiswahili ilikuwa na dakika 40 na alama 40. Kwa dakika hizo mtoto alitakiwa asome swali, afikiri, apange, aandike, ajisahihishe. Walimu wenye watoto hamsini au sitini chumbani waliona njia fupi: mtoto aingie na kisa tayari kichwani, na kazi yake iwe kukigeuza mkia tu ili kiafikiane na swali. Ukiulizwa juu ya ajali, ni kile kile. Ukiulizwa juu ya sherehe, ni kile kile, ila sherehe yageuka ajali. Vitabu vya insha za mfano vikachapwa, navyo vikauzika. Mtihani ule sasa umekwisha, na tangu mwaka 2022 watoto wa darasa la 6 wana mtihani wao mwengine. Lakini desturi haikuondoka pamoja na mtihani, kwani walimu wa leo ndio watoto waliokariri jana. Hatuwalaumu peke yao. Mjomba wa mtoto alikiri mbele yetu kwamba kitabu kile cha insha ni yeye aliyekinunua, na akakilipia bei kubwa, naye akadhani amefanya ihsani.

Pengine atatokea mwenye kusema: “Nyinyi watu wa darsa watoto wenu wahifadhi juzuu nzima, na mwaona ni fahari. Vipi leo mwachukia kuhifadhi?” Suala hili ni la haki, na jawabu letu ni hili. Kuna maneno ambayo ni amana, na amana haibadilishwi. Aliyehifadhi husifiwa kwa kuwa hakuongeza wala hakupunguza. Na kuna maneno ambayo ni ushahidi. Shahidi akisimama mbele ya kadhi akasoma maneno aliyokaririshwa na mwengine, hasifiwi kwa hifdhi yake, bali ushahidi wake hurudishwa. Insha ya mtoto ni ya namna ya pili. Hatusemi mtoto asiige kabisa. Kijana anayejifunza nakshi ya mlango huanza kwa kufuata mchoro wa fundi wake, kata kwa kata, na hakuna aibu. Mkono huzoea hivyo. Lakini hapelekwi sokoni kuuza ubao ule na kuapa kuwa mchoro ni wake.

Sasa tuje kwenye kusoma, maana twaamini kuwa ugonjwa waanzia huko. Tulimwita mtoto yule yule, tukampa kitabu cha kusomea cha darasa lake. Alisoma ukurasa mzima bila ya kukwama, sauti yake nzuri, vituo amevitunza. Tukamwuliza: “Kumetukia nini?” Akatazama ukurasa kama mtu anayetafuta ufunguo uliodondoka. Hakujua. Tukamwuliza mwenzake, naye vivyo hivyo. Watoto hawa si wajinga. Wamefunzwa kwamba kusoma ni kutamka, na kwamba msomaji mwema ni yule asiyesimama. Sisi wenyewe tumewazoesha hivyo vyuoni, kwa kuwa herufi za Kiarabu mtoto huzitamka miaka mingi kabla ya kuijua maana yake. Na desturi hiyo ameichukua akaivukisha hata katika Kiswahili, lugha aliyonyonya, ambayo hana udhuru wa kutoifahamu.

Tukajaribu njia nyingine. Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, tuliwakusanya watoto kumi na wawili, wake kwa waume, tukawasomea kisa cha Abunuasi na sufuria. Wasomaji wetu wakijua: Abunuasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na sufuria ndogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akapokea zote mbili. Mara ya pili Abunuasi akaazima, asirudishe. Alipoulizwa akasema sufuria imekufa. Tulisoma mpaka pale jirani anapopokea sufuria ndogo, tukasimama. Tukauliza: “Jirani asadiki kweli kwamba sufuria huzaa?” Wote wakasema hapana. “Mmejuaje? Kitabu hakikusema.” Hapo palikuwa na kimya, kisha msichana mmoja akasema: “Angalisadiki angaliogopa. Yeye amefurahi.” Tukawauliza tena: “Basi mwongo wa kwanza ni nani?” Wakagawanyika makundi mawili, wakabishana mpaka karibu na magharibi, na kila aliyebisha alilazimika kurudi kitabuni kuonyesha neno lake limeandikwa wapi. Hakuna aliyetambua kwamba huko ndiko kusoma. Na hilo jirani alilolifanya, la kuukubali uwongo unaomfaa na kuukataa ule usiomfaa, hatukuwahubiria. Walilitoa wenyewe kutoka katika maneno.

Kisha tukawaambia wakisimulie kisa kile kile kama anavyokisimulia jirani, akiwa nyumbani kwake usiku, mbele ya mkewe. Maneno ya Abunuasi yakabaki yale yale, lakini kisa kikawa chengine kabisa. Mmoja alimfanya mke wa jirani aulize: “Na sufuria ilipozaa, hukutaka kujua baba ni nani?” Mtoto huyo yuko darasa la 4, na skuli ameandikiwa kuwa hawezi insha.

Tulipokuja kwenye kuandika, tuliwapa sharti jepesi kwa mdomo, zito kwa kalamu. Kila mmoja aandike jambo moja aliloliona kwa macho yake tangu jana, nusu ukurasa tu. Pasiwe na jua wala ndege. Kalamu zilisimama hewani. Mmoja akauliza kwa heshima: “Maalim, na methali niziweke wapi?” Tukamwambia azibakishe nyumbani. Kwa dakika nyingi hawakuandika kitu, nasi tukaanza kuingiwa na khofu kuwa tumekosea. Kilichotuokoa ni ulimi. Tuliwaacha kwanza wasimuliane wawili wawili, na mwenye kusikiliza akapewa kazi ya kuuliza: alikuwa wapi, alishika nini mkononi, alisema neno gani khasa. Mtoto ambaye kalamu yake ilikuwa bubu alimweleza mwenzake namna muuza madafu alivyokata dafu huku akizungumza na mtu mwengine, asitazame panga wala mkono, na mwenzake akamwambia: “Hayo hayo, yaandike.”

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengine, nasi hatutalipita. Msichana mmoja alikwama katikati ya mstari, kalamu ameiuma. Bibi yake katika kisa chake alisema “Ndoo hapa”, kama asemavyo kila bibi wa Mvita, na yeye ajua kuwa mwalimu atatia wino mwekundu, aandike “Njoo”. Lakini bibi yake hajapata kusema “njoo” katika umri wake. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikutana mwaka 1928, nao ulikutana hapa hapa Mombasa. Na tangu hapo mtoto wetu akiingia skuli hudhani kwamba maneno ya nyumbani kwao ni makosa ya Kiswahili. Hatutaki kuifufua vita ile. Sanifu ni lugha ya nchi nzima, na mtoto hana budi kuijua barabara, wala hatumtetei mvivu. Ila twasema: msimulizi na asimulie kwa sanifu, na bibi aachwe aseme kwa kinywa chake. Kumtia bibi maneno ya kitabuni mdomoni ni kumsingizia.

Juma la pili lilitufunza jambo ambalo hatukulitazamia, na makosa yalikuwa yetu. Kijana mmoja, mpole, aliandika kwamba usiku uliopita alitoka kunywa maji akamkuta baba yake amekaa juu ya ngazi gizani, viatu amevishika mkononi, haingii ndani. Amesimamishwa kazi. Alikuwa anangoja mama alale ili asimwone uso. Ilikuwa nusu ukurasa kama tulivyosema, hakuna jua, hakuna ndege, na kila neno ni la kweli. Tulifurahi kupita kiasi. Tukamwambia asimame, awasomee wenzake. Alisoma. Watoto wakamtazama, na kabla ya siku mbili kupita, khabari ya baba yake imo mtaani, na mama ameisikia kwa jirani kabla ya kuisikia kwa mumewe.

Baba alikuja. Alitusalimu, akakaa, akanywa kahawa. Akasema: “Siwalaumu kwa kumfunza mwanangu kusema kweli. Lakini ile kweli haikuwa yake peke yake.” Hatukuwa na neno. Tulimwomba radhi, naye akasamehe, Mungu amlipe. Wala hatuandiki haya leo ila baada ya kumwomba ruhusa, naye ameshapata kazi nyingine, na ngazi si ngazi wala viatu si viatu. Msomaji atafahamu mbele kidogo kwa nini twasema hivyo.

Kumbe tulikuwa tumekimbia shimo moja tukaanguka katika jingine. Tulidhani ukweli peke yake ni salama. Na kila mwenye kusoma fiqhi kidogo ajua kwamba kusengenya ni kumtaja mwenzio kwa jambo la kweli analolichukia. Likiwa si la kweli, hilo ni jengine, ni kuzua. Nyumba ya Mwislamu ina sitara, na mtoto ndiye shahidi wa kila kinachopita chini ya dari yake. Tukimpa kalamu na kumwamrisha aandike alichokiona, tumeufungua mlango wa nyumba ya watu bila ya kubisha hodi. Na tukimkataza asiandike alichokiona, twamrudisha kwenye jua na ndege.

Aliyetutoa katika dhiki hii ni yule mzee aliyekuwa adui wa kubuni. Alitukumbusha jambo ambalo kila mmoja wetu alilisoma na hakuna aliyelifikiria: kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotaka kukataza jambo aliloliona kwa mtu, alipanda mimbari akasema juu ya “watu wanaofanya hivi na hivi”, asimtaje mwenyewe. Mwenye kosa akajijua, na wengine wakafaidika, na uso wa mtu ukahifadhika. Mzee akasema: “Basi yule kijana abadilishe. Baba awe ami, au awe mtu wa Malindi. Ngazi ziwe ngalawa. Viatu viwe kitu chengine. Kile kilichomkalisha mtu gizani kibaki kama kilivyo.” Tukamwambia: “Maalim, huko ndiko kutunga.” Akacheka, akasema kwamba ajua.

Kwa hivyo rai yetu imegeuka, na twaisema wazi. Tulianza kwa kuuliza kama kubuni ni uwongo. Sasa twaona kwamba kwa mtoto anayejifunza kuandika, kubuni kwaweza kuwa ndiyo njia ya adabu ya kusema kweli. Jina la kubuni ni nguo anayovishwa mtu wa kweli ili apite barabarani bila ya kufedheheka. Kisa kilichokaririwa ni nguo isiyo na mtu ndani. Kwa macho ya mpita njia zote mbili ni nguo, na mwalimu mwenye madaftari sitini mbele yake hana wakati wa kupapasa. Lakini mtoto aliyeiandika ajua kama ndani pana mtu au hapana.

Tangu siku ile, kabla ya mtoto kusoma kazi yake mbele ya wenziwe, twamwuliza faraghani: “Hiki ulichokiandika ni cha nani?” Kikiwa chake, na asome. Kikiwa cha mwengine, akivishe kwanza. Na kikiwa kizito kuliko nguo, twakisoma sisi peke yetu, twamrudishia daftari, na pengine twamwendea mzazi. Twawaomba na walimu wa skuli walifanye hili, khasa wale wenye mazoea ya kusoma insha ya mtoto kwa sauti ili darasa licheke.

Mjomba wa yule mtoto wa kwanza alituuliza suala ambalo kila mzazi atatuuliza: “Na alama je?” Hatutamdanganya mtu. Mtoto wake aliandika kwa njia hii katika mtihani wa mwisho wa muhula, akapewa 22 katika 40, na pembeni pameandikwa: “Tumia mapambo.” Mwalimu wetu wa skuli adai kwamba msahihishaji aliyechoka kwa majua mia moja atafurahi siku moja kukutana na mtu, huenda, nasi hatuna dhamana ya furaha ya msahihishaji. Mjomba hakupendezwa, na tangu hapo amekuja barazani mara chache. Twamfahamu. Alama 12 ni nyingi kwa mtu ambaye mtoto wake atashindania nafasi. Lakini tukiulizwa sisi, twaichagua ile 22, kwani ile 34 ilimzika mama aliye hai na hakuna aliyelia, hata mwandishi.

Insha ile ya alama 22 tuliisoma. Ni khabari ya bibi kizee wa Likoni ambaye macho yake yameingia ukungu, na hataki wanawe wajue. Akishuka kwenda kupanda feri huhesabu hatua kimoyomoyo, na mjukuu wake amemshika mkono, naye bibi huhakikisha kuwa yeye ndiye anayeonekana kumwongoza mjukuu. Siku moja watu wamesongamana, hesabu ikampotea, akasimama. Mjukuu akahesabu kwa sauti, kana kwamba anacheza, mpaka wakafika chomboni.

Mtoto alimsomea mama yake. Mama akauliza: “Huyu bibi ni nani?” Mtoto akasema: “Ni mtu tu, mama. Ni kisa.” Mama akakaa kidogo, kisha akamwambia arudie pale pa kuhesabu.

Darsa ya watoto yaendelea kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, wavulana kwa wasichana, darasa la 4 hadi la 6. Mtoto aje na daftari na kalamu. Vitabu vya insha za mfano viachwe nyumbani.